Ushahidi Uliofichwa kwa Kulinda Jina



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, tuliwakuta vijana wetu kwenye baraza la msikiti wakibishana kwa sauti ya juu. Hawakubishania mpira. Walibishania mbio za magari za Formula 1 za mwaka 2008, ilhali baadhi yao hawakuwa wamezaliwa: je, ubingwa ule ni halali ya Lewis Hamilton, au Felipe Massa alidhulumiwa? Mashindano ya mbio si jambo geni katika vitabu vyetu vya fikihi, kwani Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Tukaketi nao.

Asiyeijua kadhia hiyo na aelezwe. Tarehe 28 Septemba 2008 mbio zilifanyika Singapore, usiku, chini ya taa, jambo lililokuwa la kwanza katika mashindano hayo. Massa, Mbrazili wa timu ya Ferrari, alikuwa akiongoza. Katika mzunguko wa 14 dereva kijana wa timu ya Renault, Nelson Piquet mdogo, aligonga ukuta. Gari la usalama likaingia na wote wakapunguza mwendo. Mwenzake wa timu hiyo, Fernando Alonso, aliyeanza katika nafasi ya 15, alikuwa ameshajaza mafuta muda mfupi kabla. Wengine walipoingia kujaza, yeye alipanda mbele, na mwishowe akashinda. Massa aliruhusiwa kuondoka huku bomba la mafuta likiwa bado limenasa kwenye gari lake. Akamaliza wa 13, bila pointi. Msimu ulipokwisha nchini Brazil, Hamilton alikuwa na pointi 98 na Massa 97.

Katikati ya mwaka 2009, ajira yake ilipokuwa ikikatika, Piquet alieleza rasmi kwamba aligonga kwa makusudi, kwa mpango wa wakubwa wa timu. Renault haikupinga. Shirikisho la mchezo, FIA, liliwafungia wakuu wawili, na Januari 2010 mahakama ya Ufaransa ikazitengua adhabu zao. Matokeo ya mbio zile hayakuguswa hata kidogo.

Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alisema kuwa bomba ni kosa la Ferrari wenyewe, na hakuna mdanganyifu aliyelishika. Mwenzake akamjibu kwamba pasipo ajali ile ya hila Massa asingeingia kujaza mafuta katika haraka ile. Kuhusu Hamilton, aliyemaliza wa tatu usiku ule, hawakutofautiana: hakushiriki katika hila. Nasi tunaona kumvua ubingwa mtu asiye na hatia ni kuiponya dhuluma kwa dhuluma.

Lakini lililotunyima usingizi si bomba wala pointi. Mwaka 2023 yalichapishwa mahojiano ambamo Bernie Ecclestone, aliyekuwa mwendeshaji mkuu wa biashara ya mchezo huo, alinukuliwa akisema kwamba yeye na rais wa FIA wa wakati ule walilijua jambo hilo mwaka huohuo wa 2008, wakanyamaza ili kuulinda mchezo usichafuke. Baadaye alisema hayakumbuki mahojiano hayo. Massa, kwa msingi huo, alifungua kesi mjini London mwaka 2024. Kwa kanuni zao, msimu ukishafungwa na tuzo kutolewa, matokeo hayafunguliwi tena. Kwa hiyo miezi ile ya ukimya ndiyo ilikuwa na thamani yote.

Kunyamaza ili kulinda jina. Ndugu wasomaji, maneno haya tumeyasikia karibu zaidi ya Singapore. Miaka kadhaa nyuma, katika kamati moja tuliyoitumikia, hesabu za mchango wa mazulia hazikulingana. Wazee wetu, Allah awalipe kheri kwa mengi mema waliyotenda, walisema tusiuchafue msikiti mbele za watu. Sisi tulioshika kalamu tukaandika kwamba hesabu zimepokelewa. Tuliandika hivyo ilhali tumeisoma Surat al-Baqara, aya ya 283, na tunajua inavyomtaja mwenye kuficha ushahidi. Mjumbe aliyekuja kulisema jambo hilo hadharani alikuwa ameshaondolewa katika kamati. Watu wakasema anasema kwa kinyongo, kama walivyosemwa wa mfano wake. Huenda kilikuwepo kinyongo. Hesabu, hata hivyo, hazikulingana, na hilo halikutegemea usafi wa moyo wake.

Vijana wakatuuliza: “Katibu, nanyi mngelifungua faili la mwaka ule?” Tulichelewa kujibu, hata yule fundi akainamisha macho kwa kutuonea haya.

Jumamosi hii tutamwendea ndugu yule nyumbani kwake, kisha kile kitabu cha kumbukumbu kitapelekwa kwa wazee, kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa ule wa mazulia.