Mguu hufunga bao, kalamu huhifadhi jasho

Jioni yoyote isiyo na mvua, mpita njia akishuka Barabara ya Naivasha kuelekea Kawangware, au akivuka reli na kuingia Kibera, hakosi kuwaona vijana wakifukuzana na mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba. Ukiwauliza wangependa kuwa nani siku za usoni, wachache watakutajia mlinda lango. Wengi watasema mshambuliaji, maana anayetikisa nyavu ndiye anayebebwa mabegani.

Sina ugomvi na ndoto hiyo. Hofu yangu inatokana na jambo ambalo mashabiki hawalioni. Maisha ya mshambuliaji hujengwa uwanjani, lakini hutunzwa au hupotea katika karatasi. Na karatasi ni lugha, kazi yetu sisi walimu.

Miaka michache iliyopita, mwalimu mmoja wa Kawangware niliyepata kumfundisha chuoni aliniletea karatasi nne zilizoandikwa kwa Kiingereza. Zilikuwa kandarasi ya mwanafunzi wake, mshambuliaji wa umri wa miaka kumi na saba, ambaye klabu moja ilitaka kumsajili. Mama wa kijana alikuwa ametakiwa kutia sahihi Jumatatu. Tuliketi siku ya Jumamosi, mama, mwanawe, mwalimu na mimi, nikaanza kuwafasiria aya baada ya aya.

Nilichokiona upesi ni vitenzi. Kila palipotajwa wajibu wa mchezaji, mwandishi alitumia neno la lazima: mchezaji sharti ahudhurie mazoezi, sharti acheze popote atakapopelekwa, sharti atunze siri za klabu. Lakini kila palipotajwa wajibu wa klabu, neno lililegea: klabu yaweza kumlipia usafiri, yaweza kumtibu akiumia. Tena muda ulikuwa miaka mitatu, nayo klabu peke yake yaweza kuongeza miwili. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa mwalimu, mtoto akivunjika mguu, ni nani atalipa?" Kwa mujibu wa karatasi zile, hapakuwa na mtu aliyelazimika kulipa.

Mama alikataa kutia sahihi mpaka "yaweza" ya matibabu igeuzwe kuwa "sharti", na ile miaka miwili ifutwe. Klabu ilibadilisha bila vuta nikuvute ndefu. Nina yakini kuwa aliyeiandika hakukusudia ubaya. Aliinakili kutoka mahali fulani. Hata hivyo, neno lile lingebaki vivi hivi, goti moja lililoteguka lingeweza kuitia jamaa ile katika deni la miaka.

Tutazame safari ya mshambuliaji ambaye Wakenya wote wanamjua, Dennis Oliech, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Alichezea Dagoretti Santos, katika eneo ambalo Kawangware ni sehemu yake, kisha akaingia Mathare United. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alifunga bao dhidi ya Cape Verde lililoipeleka Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004. Huko alikuwa mmoja wa wafungaji watatu Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza katika fainali hizo. Alisajiliwa na Al-Arabi ya Qatar, akahamia Ufaransa katika klabu za Nantes, Auxerre na Ajaccio, na hatimaye akaenda Dubai. Akiwa Auxerre alishiriki Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010, katika kundi moja na Real Madrid na AC Milan.

Hebu tuihesabu safari hiyo kwa jicho la mwalimu. Mwalimu wa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Afikapo thelathini ndipo anapoanza kuijua kazi yake barabara. Oliech alipofika umri huo, vilele vya safari yake vilikuwa vimekwisha kubaki nyuma. Mapato ya mshambuliaji ya miaka kumi au kumi na mitatu hutakiwa kumlisha yeye na jamaa yake kwa miaka arobaini inayofuata. Na katika miaka hiyo michache, kijana hupita penye Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, na kila kituo kina karatasi ya kutiwa sahihi.

Sahihi nyingine huwa nzito kuliko mshahara. Mwaka 2003, mwanariadha wetu Stephen Cherono aligeuka raia wa Qatar kwa jina la Saif Saaeed Shaheen. Iliripotiwa kwamba Oliech naye alishawishiwa abadilishe uraia, akakataa. Ni kijana wa rika la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, naye anatakiwa kuamua yu wa taifa gani.

Mwaka 2019 Oliech alirejea uwanjani akiwa na Gor Mahia. Mwaka huohuo, baada ya kifo cha mbunge Ken Okoth, alitangaza nia ya kugombea kiti cha Kibra, na klabu ikaivunja kandarasi yake. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki. Ninalolisema ni kwamba hata katika jiji alikozaliwa, kipengele cha maandishi kilikuwa na nguvu kuliko mabao yote aliyoifungia nchi. Mwanasoka aliyefika debeni Novemba ya mwaka ule alikuwa kiungo McDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Alishindwa na Imran Okoth. Makofi ya uwanjani hayageuki kura kwa urahisi, wala hayageuki pensheni.

Msomaji ataniuliza: je, sheria haiwalindi vijana hawa? Inawalinda, ila ulinzi huo nao umo katika maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Kwa maneno mengine, mama yule wa Kawangware alikuwa akiomba kwa unyenyekevu kitu ambacho sheria ingependa kila mwajiri akitoe bila kuombwa. Nazo kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa na kandarasi inayozidi miaka mitatu. Hilo mama hakulijua, na klabu haikulitaja.

Kuna na haki ya mtaa. Kanuni hizohizo zinasema kwamba mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla kandarasi yake haijaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Aliyemlea kwa mwaka mmoja kati ya miaka 12 na 15 hupata asilimia 0.25 ya ada yote. Kuanzia miaka 16, asilimia 0.5 kwa kila mwaka. Mchezaji akiuzwa kwa shilingi milioni 100, klabu ndogo iliyomlea mwaka mmoja akiwa na miaka 13 ina haki ya shilingi 250,000. Fedha hizo zingenunua mipira na njumu za watoto wengi wa Kibera. Lakini ili izidai, sharti klabu iwe imesajiliwa, na iwe na rekodi kwamba mtoto huyu aliichezea kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tufanye nini? Walimu wenzangu wa Kiswahili hufundisha isimujamii, na ndani yake sajili. Kila mwaka tunamwomba mwanafunzi ataje sifa za sajili ya michezo na sajili ya sheria, naye anazikariri kama orodha ya bidhaa dukani. Tumpe kandarasi ya mchezaji aisome kama ufahamu. Mwache aorodheshe kila "sharti" na kila "yaweza", aseme nani amefungwa na nani ameachwa huru. Katika ufupisho, aieleze kandarasi hiyo kwa maneno ambayo nyanya yake angeyaelewa. Mtaala wa umilisi una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Mkondo huo ukimfundisha kijana kupiga chenga bila kumfundisha kusoma alichotilia sahihi, utakuwa umemwandaa nusu.

Nanyi wanafunzi mnaocheza, msidanganywe kwamba darasa ni la walioshindwa mpira. Yule kijana wa Kawangware aliumia goti katika msimu wake wa pili. Klabu ilimlipia matibabu, kwa sababu karatasi ilisema sharti ilipe. Siku hizi anacheza tena, na mwalimu wake ananiambia kwamba wenziwe wa timu humpelekea kandarasi zao awasomee kabla hawajashika kalamu.