Aliyemtunga Bwana Msa alikuwa bwana afya: Mzazi, mpelelezi wa kwanza ni wewe

Likizo ikifika, swali la wazazi wengi ni lilelile: watoto waangalie nini, wasome nini? Kama nyumbani una vijana wa sekondari, ipo filamu ya zamani ya kuchekesha inayoitwa Without a Clue, iliyotoka mwaka 1988. Wadogo wasubiri kwanza, maana mhusika wake mkuu ni mlevi na mpenda wanawake.

Kisa chenyewe ni hiki. London nzima inamshangilia mpelelezi hodari, Sherlock Holmes. Kumbe Holmes ni mwigizaji tu, hajui lolote, amekodiwa. Anayefumbua mafumbo kwa siri ni daktari wake, Dk Watson, mtu mpole anayetembea nyuma yake akibeba mkoba. Ben Kingsley ndiye Watson, na Michael Caine ndiye Holmes wa bandia.

Tunacheka, lakini utani huo una ukweli ndani yake. Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyemtunga Holmes, alisomea udaktari Edinburgh. Mpelelezi wake alimchora akimtazama mwalimu wake, Dk Joseph Bell, aliyesifika kwa kumtazama mgonjwa mikono, viatu na mwendo, akajua mengi kabla hajaambiwa. Kwa hiyo nyuma ya Holmes alikuwepo daktari tangu mwanzo.

Wa kwetu ni Bwana Msa

Hatuna haja ya kwenda London. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya akiwa mkaguzi, yule ambaye mitaani tunamwita bwana afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akahamia jarida la Mkulima.

Huku akihariri habari za kilimo, alikuwa na maisha ya pili. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mvuta kiko asiye askari wala hakimu, anayefumbua mauaji pamoja na rafiki yake Najum. Tazama jina la mwandishi: Muhammed Said Abdulla. Chukua herufi za mwanzo, M, S, A. Bwana afya alijificha ndani ya mpelelezi wake mwenyewe.

Katika kitabu hicho maiti inakutwa mahali ambapo watu wanapaogopa kwa sababu ya mizimu. Ingekuwa rahisi kusema mizimu imemuua, kesi ikaishia hapo. Bwana Msa hakubali. Anataka kujua nani alionekana wapi, saa ngapi, na kilichobaki pale ni nini. Anatafuta mkono wa binadamu.

Hiyo ndiyo kazi ya bwana afya. Watu wa mtaa mmoja wanapoharisha, yeye haulizi nani amewaroga. Anauliza wanachota maji wapi.

Fumbo la Dodoma, 2016

Sisi wa Kanda ya Kati tulilipata fumbo la aina hiyo katikati ya mwaka 2016. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, watu walianza kuugua ghafla. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa, wakatapika. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Mtu angeweza kusema ni mkosi wa ukoo, hasa anapoona ndugu wa nyumba moja wanaangukiana. Wachunguzi waliuliza swali la Bwana Msa: watu hawa wanashirikiana nini? Jibu lilikuwa ghalani. Mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa nyumbani yalikuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka.

Sumukuvu haina harufu wala ladha ya kukushtua, na kuipika hakuiondoi. Ndiyo maana uji wa lishe wa mtoto unahitaji jicho kali kuliko chakula kingine, kwa sababu mara nyingi unachanganya mahindi na karanga, na mazao hayo mawili ndiyo yanayoshambuliwa zaidi. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Hakikisha yamekauka vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Chambua kabla ya kusaga, na punje zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi usizipeleke mashineni kwa kuona huruma ya kutupa.

Maswali ya kumwandalia daktari

Mtoto akiumwa, daktari au mganga wa zahanati anakutana naye kwa dakika chache. Wewe umelala naye, umempikia, umemfulia. Ushahidi uko kwako, lakini wengi wetu tukifika pale tunasema tu, "ana homa", tunanyamaza.

Nenda na majibu haya. Homa ilianza siku gani, na inapanda wakati gani? Alikula nini siku hiyo na siku iliyotangulia? Nani mwingine nyumbani au shuleni anaumwa hivyohivyo? Mmesafiri karibuni? Amekojoa mara ngapi leo? Ameshapewa dawa gani, zikiwemo za mitishamba? Hili la mwisho usilifiche hata kama unaogopa kugombezwa, kwa sababu bila hilo anayekutibia anapapasa gizani.

Kuna kitabu cha mwaka 1984 kinachoitwa Kosa la Bwana Msa. Hata mpelelezi mashuhuri hukosea, basi sisi je? Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, hata hivyo wapo wazazi ambao kila joto la mtoto kwao ni malaria, na dawa iliyobaki ya kaka mtu inatolewa kabatini. Homa inaweza kuwa nimonia, maambukizi ya mkojo au jambo jingine kabisa. Kipimo cha malaria ni tone la damu na muda mfupi wa kusubiri. Mpime kwanza.

Vivyo hivyo kwa degedege. Mtoto anapokakamaa na kugeuza macho, woga huwapeleka wengi kwa mganga wa kienyeji kwanza. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa ujue imechukua dakika ngapi, kisha kimbilia kituo cha afya.

Pia kuna wakati upelelezi hauna nafasi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na asiamke vizuri, usikae kuulizana. Ondokeni muda huohuo, maswali mtayajibu njiani.

Kwa siku za kawaida, tenga kurasa za mwisho za daftari la nyumbani. Andika tarehe, dalili na dawa. Mpe kazi hiyo mtoto mkubwa, naye ajione Najum wa nyumba. Na ukipata Mzimu wa Watu wa Kale maktaba au kwa wauza vitabu vya mitumba, msomeni sura moja kila jioni, kila mmoja akitaja anayemshuku na sababu yake. Asiye na sababu asitaje jina la mtu. Watoto wakiizoea kanuni hiyo wakiwa mezani, watakuwa nayo siku jirani atakaponyooshewa kidole kwa ugonjwa ambao chanzo chake kiko ghalani.