Mchezo wa Vyombo na Funzo la Amana

Katika visiwa vyetu mchezo wa bao haufichi kitu. Mashimo ni 32, kete ni 64, na baraza nzima inashuhudia. Atakaye kuhadaa hupata taabu, kwani macho ya wazee hayambanduki. Bao hutufunza hesabu na subira, lakini uaminifu haulipimi sana, maana uaminifu wa mtu anayetazamwa na jamii nzima si jambo la kusifiwa mno.

Leo twapenda kuzungumzia mchezo wa namna nyingine, ambao twauona unastahili nafasi majumbani mwetu baada ya chakula cha usiku. Ni mchezo wa watu wawili wa kukisia mahali vilipojificha vyombo vya baharini vya mwenzako. Ulichezwa kwa karatasi na kalamu ya risasi miaka mingi kabla ya kampuni ya Milton Bradley ya Marekani kuutengeneza kwa plastiki mwaka 1967 na kuuuza kwa jina la Battleship. Sisi hatuna haja ya plastiki hiyo. Daftari la hesabu la mtoto wa skuli latosha. Tena hauna dadu wala fedha, hivyo hauna harufu ya kamari.

Kila mchezaji huchora visanduku 100, kumi kwa kumi, akaandika herufi A hadi J upande mmoja na tarakimu 1 hadi 10 upande wa pili. Humo huficha vyombo vitano: kimoja cha visanduku 5, kimoja cha 4, viwili vya 3 na kimoja cha 2, jumla visanduku 17. Kisha huulizana kwa zamu. Mmoja hutaja "D-7". Mwenziwe huitazama karatasi yake na kujibu "chombo" au "maji". Atakayevipata vyote mwanzo ndiye mshindi. Na hesabu imo. Kwa kuwa chombo kidogo kabisa kina visanduku viwili, anayeuliza kwa kuruka kimoja kimoja, mfano wa rangi za ubao wa sataranji, ataulizia visanduku 50 tu na hakuna chombo kitakachomponyoka asikiguse. Watoto hugundua siri hii upesi kuliko wazazi wao.

Nyumbani kwetu tumebadili jambo moja. Kwa asili mchezaji huzamisha. Lakini kwa watu waliopotelewa na ndugu katika ajali ya MV Spice Islander I ya Septemba 10, 2011, na ile ya MV Skagit ya Julai 18, 2012, kuzama si neno la kuchezea. Basi sisi tunatafuta waliopotea. Vyombo vyetu ni jahazi, mashua, dau, ngalawa na mtumbwi, na anayekipata chombo husema amekiopoa.

Sasa tukiri kosa letu, kwani asiyekiri hana haki ya kunasihi. Usiku mmoja tulikuwa tumebakiwa na mtumbwi tu. Mtoto wetu wa miaka tisa akataja kisanduku ulichokuwamo, nasi, kwa kuona haya ya kushindwa na mtoto, tukajibu "maji". Akaendelea kuuliza mpaka visanduku vyake vikamalizika. Ndipo alipoomba kuiona karatasi. Aliitazama kitambo, akaikunja, akaturudishia bila ya kusema neno. Siku ya pili alicheza na mama yake. Tulimtaka radhi, naye akatusamehe. Lakini hadi leo, tukijibu "maji", hututazama usoni kwanza.

Hilo ndilo funzo tunalotaka kuwafikishia wananchi na watendaji. Mchezo huu wote umesimama juu ya jambo moja: mtu aliyeshika karatasi isiyoonekana na wengine, akiulizwa, aseme kweli. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba hiyo ndiyo amana. Na watendaji wangapi wameshika karatasi za namna hiyo! Yupo mwenye faili la viwanja, yupo mwenye daftari la ghala, yupo mwenye orodha ya abiria bandarini. Mwananchi amesimama dirishani, anauliza kama jina lake limo. Hana njia ya kuona. Anayemjibu "bado", ilhali limo, amejibu "maji" penye mtumbwi.

Tusidhani kwamba hayo ni madogo. Ilibainika kwamba MV Spice Islander I ilipakia watu wengi mno kupita idadi iliyoruhusiwa. Idadi iliyo katika karatasi na idadi ya roho zilizomo chomboni zikiachana, bahari haisomi karatasi.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Wazazi wacheze na watoto wao, wa kike na wa kiume, na kila mchezo ukimalizika karatasi zote mbili ziwekwe mkekani, zitazamwe na wote. Samaki mkunje angali mbichi. Na watendaji nao wafuate kanuni hiyo hiyo: orodha zinazowahusu wananchi zibandikwe ubaoni, abiria wahesabiwe mbele ya abiria wenzao, na majibu yatolewe faili likiwa wazi mezani. Aliyejibu kweli hatapata hasara kwa karatasi yake kufunuliwa.