Kabla hujamfokea aliyefungua redio

Jumapili nilifika kwa dada yangu nikamkuta ameshika ndala. Mwanawe, yuko kidato cha pili, alikuwa amekaa sakafuni na redio ya betri ya marehemu babu yake, imefunguliwa yote. "Mtihani uko mlangoni, huyu anacheza na vyuma," dada alilalamika.

Mtoto alinionyesha kitaa kidogo chekundu cha LED. "Mamdogo, nimekiunga kwenye betri ya volti 9, kimewaka mara moja kikaungua."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza (si rahisi, mzazi unajua), nikamuuliza: "Unadhani kwa nini?"

Alifikiri, akasema umeme umekuwa mwingi. Akang'oa rizista kutoka kwenye redio, akaiunga kati ya betri na kitaa kingine. Kikawaka hafifu mno, mpaka tukafunga pazia ndipo tukakiona. Tulisoma mistari yake ya rangi: kahawia, nyeusi, machungwa, yaani ohm 10,000. Akatafuta nyingine yenye machungwa mbili na kahawia, ohm 330. Kitaa kikawaka vizuri na hakikuungua.

Hapo ndipo alipochukua daftari mwenyewe. Kitaa chekundu hutumia takriban volti 2, kwa hiyo 7 zinabaki kwenye rizista. Saba gawanya kwa 330 ni kama ampea 0.021, kiasi ambacho kitaa cha aina hiyo hukistahimili. Ni ile kanuni ya Ohm aliyoikariri darasani na kuikosa kwenye jaribio. Dada akaweka ndala chini.

Kisha akaongeza ile swichi ya kuzungushia sauti, huku rizista ya 330 ikiwa palepale. Mwanga ukawa unapanda na kushuka taratibu kadiri anavyozungusha. Hiyo ndiyo elektroniki ya analogi: umeme unaobadilika kidogo kidogo, si kuwaka na kuzima tu.

Lakini mimi ni mwandishi wa afya, sitaondoka bila kusema haya. Ruhusu betri ndogo kama hiyo, usiruhusu chochote kinachochomekwa ukutani. Umeme wa nyumbani ni volti 230 na unaua. Chaja, runinga na vifaa vya namna hiyo asivifungue hata vikiwa vimechomolewa, kwa sababu ndani kuna kapasita inayoweza kutunza umeme. Risasi ya kulehemu nyingi ina madini ya risasi kweli, basi anayelehemu akae penye hewa, mbali na wadogo zake, na anawe mikono kabla ya kula.

Kinachonitisha zaidi ni zile betri bapa mfano wa sarafu, za saa na rimoti. Mtoto mdogo akiimeza na ikanasa kooni, inaweza kuunguza ndani ya saa 2 tu. Usimtapishe, usingoje dalili, kimbia naye hospitali. Zihesabu kabla ya kazi na baada ya kazi.

Redio ya babu bado haijaongea. Niliwaacha mama na mwana wakibishana juu ya skrubu mbili zilizobaki, zilitoka wapi.