Dhamana hii mdhamini wake ni nani?

Neno dhamana limezoeleka mno masikioni mwetu hata hatulitazami tena. Mshukiwa huachiliwa na mahakama kwa dhamana. Benki hushikilia hatimiliki ya shamba iwe dhamana ya mkopo. Mwalimu anayekopa katika chama chake cha akiba na mikopo huwaendea wenzake wamdhamini, nao huhesabu kwanza akiba zao kabla ya kutia sahihi, kwani wanajua fika kwamba mkopaji akitoroka ni jasho lao litakaloliwa. Katika matumizi yote hayo kuna jambo moja lisilobadilika: yupo mtu, au ipo mali, itakayoumia ahadi isipotimizwa. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na maana hiyo ya kuubeba mzigo wa mwingine lilikuja nayo.

Sasa neno hili limeingia katika biashara ya magari, na huko, kwa maoni yangu, limetiwa maana isiyokuwa yake. Naizungumzia ile karatasi ya ziada ambayo mnunuzi huletewa akiwa tayari amekubaliana na muuzaji kuhusu bei, kalamu i mkononi na moyo umekwisha kuingia ndani ya gari. Huambiwa kwamba akiongeza kitita fulani cha pesa, gari lake litakuwa na "dhamana ya ziada" kwa mwaka mmoja au miwili.

Kijana mmoja niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, na ambaye baadaye aliingia katika kazi ya kompyuta inayolipa vizuri kuliko isimu, aliniletea karatasi kama hiyo hivi majuzi. Alikuwa amechagua Subaru WRX STI iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani, katika uwanja mmoja wa magari jijini Nairobi. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya mkopo, na wenzake watatu kazini walikuwa wamemdhamini. Muuzaji alitaka shilingi 150,000 zaidi kwa dhamana ya miaka miwili. "Mwalimu," akaniambia, "sitaki unieleze habari za gari. Nisomee Kiingereza hiki."

Wasomaji wengine watauliza kijana ana haja gani na gari la kasi katika barabara zenye matuta kila hatua mia. Mimi simcheki. Kizazi chetu kilisimama kando ya barabara za vumbi kikimshangilia Patrick Njiru katika Safari Rally, na mwaka wa 1997, Colin McRae alipoibuka mshindi kwa Subaru Impreza, wapo waliojiapiza kwamba siku moja wataliendesha gari hilo. Mashindano hayo yaliporejea katika ratiba ya dunia mwaka wa 2021, huko Naivasha, mapenzi yakafufuka kwa watoto wetu. Lakini gari la aina hiyo si Probox. Lina turbo, lina injini inayofanya kazi karibu na upeo wa nguvu zake, na spea zake si za kuokota popote. Likiharibika, huharibika kwa fedha nyingi. Ndiyo maana anayeliuza hujua kwamba hofu ya mnunuzi nayo ni bidhaa.

Tukaisoma karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi kubwa na maneno ya kuliwaza: ulinzi kamili, utulivu wa moyo. Ukurasa wa nne ulikuwa na herufi ndogo kama chawa. Huko tukaambiwa kwamba klachi haimo, breki hazimo, tairi na betri hazimo, na chochote kilichoharibika kwa "kuchakaa kwa kawaida" hakimo. Turbo imo, ila kwa sharti kwamba oili imebadilishwa kila wakati katika gereji iliyoidhinishwa, na stakabadhi zote zimehifadhiwa. Siku gari litakapoguswa na fundi wa Kirinyaga Road, dhamana imekufa. Likibadilishwa ekzosi au likiongezwa nguvu, dhamana imekufa. Likishiriki mbio zozote, hata za kirafiki, dhamana imekufa. Hebu tujiulize: mwenye gari la kasi hulifanyia nini gari lake, na vitu gani humwishia mapema, kama si hivyo hivyo vilivyoondolewa? Ni sawa na kumwuzia mvuvi bima ya mtumbwi isiyohusu maji.

Mimi kilichonishangaza zaidi ni sarufi yake. Katika ukurasa wa kwanza vitenzi vyote vina mtendaji: sisi tutalipa, sisi tutatengeneza, sisi tutakuhudumia. Katika ukurasa wa nne "sisi" ametoweka. Dai litakataliwa iwapo itabainika kwamba gari lilitumiwa vibaya. Itabainika kwa nani? Litakataliwa na nani, baada ya uchunguzi wa fundi yupi? Walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka kwa mifano ya ugali ulioliwa na kikombe kilichovunjika. Ningependa mara moja moja walete darasani karatasi ya namna hii, ili mwanafunzi aone jinsi kiambishi kimoja kinavyoweza kumficha mtu mzima pamoja na mkoba wake.

Kisha hesabu. Kulingana na karatasi ile, jumla ya fedha ambazo zingelipwa katika miaka yote miwili hazingezidi shilingi 300,000, hata kama injini ingekufa kabisa. Yaani kijana alitakiwa kutoa nusu ya kiasi cha juu kabisa ambacho angeweza kupokea. Ili asipate hasara, uwezekano wa gari kuharibika kwa kiwango hicho ulipaswa kuzidi nusu. Na gari lenye uwezekano wa namna hiyo halifai kununuliwa, liwe na karatasi au lisiwe nayo. Najua nitajibiwa kwamba bima hainunuliwi kwa faida bali kwa kujikinga na maangamizi. Ni kweli. Bali injini nzima ya gari kama lile, pamoja na kazi ya kuifunga, yaweza kupita kikomo hicho kwa mbali, na hapo maangamizi yangebaki palepale, pungufu ya shilingi 150,000 zilizokwisha kutolewa.

Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa jina lililokuwa chini ya karatasi. Halikuwa la kiwanda kilichounda gari, wala la muuzaji aliyelisifu, bali la kampuni ya tatu ambayo haijapata kuliona. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Anayesema "naahidi" hatoi habari ya ahadi, anaahidi. Na anayesema "nadhamini" anajifunga. Lakini ili kifungo hicho kishike, lazima anayetamka awe ndiye anayefungwa. Pale uwanjani, aliyetamka alikuwa muuzaji na aliyefungwa, tena kwa uzi mwembamba, alikuwa mwingine.

Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka wa 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, makala yaliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001. Alieleza kwamba muuzaji analijua gari kuliko mnunuzi, na kwamba dhamana ni mojawapo ya njia za kupunguza pengo hilo, kwa kuwa huuhamisha mzigo wa hasara kwa muuzaji mwenyewe. Mwenye kuuza kitu kibovu huogopa kukidhamini. Huo ndio ushahidi ambao mnunuzi huutafuta katika dhamana: ujasiri wa anayejua. Dhamana inayouzwa kando, na mtu asiyejua, haitoi ushahidi wowote kuhusu gari.

Mfano wa dhamana ya kweli upo. Mazda RX-8, gari la kasi lenye injini ya kuzunguka isiyokuwa na pistoni za kawaida, liliwasumbua wenyewe huko Marekani. Mwaka wa 2008 kampuni ya Mazda ilirefusha dhamana ya injini hiyo huko hadi miaka 8 au maili 100,000, bila ya kuwatoza wateja. Hapo aliyeunda ndiye aliyesema, na ndiye aliyelipa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu dhamana hata inatenganisha majina: ahadi iliyomo ndani ya bei ya bidhaa ni dhamana, ile inayolipiwa kando ni mkataba wa huduma. Laiti nasi tungeiga utengano huo katika Kiswahili chetu, tukaacha kuliazima neno zito kwa kazi nyepesi.

Aidha, mnunuzi wa Kenya asidhani kwamba bila karatasi ile yu mtupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni, isipokuwa kasoro ambazo mnunuzi aliyekagua alipaswa kuziona. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata maelezo anayohitaji. Na hapa nina neno na wafanyabiashara wetu: Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali sijapata kuona mkataba wa gari ulioandikwa kwa Kiswahili. Matangazo yao ya redioni ya kutuita tununue ni ya Kiswahili sanifu kabisa.

Nilimshauri kijana asiinunue karatasi ile. Amlipe fundi huru alikague gari, apime mgandamizo wa injini, aulize mkanda wa injini ulibadilishwa lini, na zile shilingi 150,000 aziweke katika akiba ambayo hataigusa ila kwa ajili ya gari. Ushauri wangu ungekuwa tofauti iwapo gari lingekuwa jipya, nyongeza ya dhamana ikatolewa na kiwanda chenyewe, turbo na giaboksi zikatajwa kwa majina yake miongoni mwa vitu vinavyolipiwa, na kikomo cha malipo kikakaribia gharama ya injini. Hapo ningemwambia alipe, tena upesi kabla dhamana ya kwanza haijaisha. Aliporudi uwanjani aliomba apewe nakala ya mkataba akaisome nyumbani kwa siku mbili, akaambiwa kwamba nakala hutolewa baada ya malipo.