Kompyuta ya Magemu: Tunahukumu Tusichokijua

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wanazuoni wa usuli wametufundisha kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulitasawari, yaani huwezi kulitolea jambo hukumu kabla hujaijua sura yake. Kanuni hii tunaisomesha darasani, kisha tunaiacha chini tunapopanda mimbari. Imekuwa ada miongoni mwetu: khatibu ananyanyua kidole, anayataja magemu kwa mkupuo mmoja pamoja na muziki na filamu chafu, anawatisha wazazi, anateremka. Mzazi anarudi nyumbani na hofu bila maarifa, na hofu ya namna hiyo haimzuii mtoto na chochote. Mwezi huo huo mjomba aliyeko Muscat analeta laptopu, au baba mwenyewe anashuka Kariakoo na kununua mashine ya milioni kadhaa kwa kuwa mwanawe kamwambia ni ya masomo. Anamkabidhi sanduku likiwa limefungwa, naye anarudi kwenye shughuli zake. Baba huyo ndiye ninayemkusudia leo, na yule khatibu pia.

Wanaosema kila mchezo ni haramu walete dalili. Asili ya vitu ni uhalali, na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akimsitiri Bibi Aisha (R.A.) kwa shuka yake ili apate kuwatazama. Haramu huingia katika mchezo kupitia milango yake: pesa iliyonunulia, kitu kilichotiwa ndani, na wakati unaoliwa. Asiyeijua milango hiyo atafungaje?

Basi tuijue mashine kwanza. Kinachoitofautisha kompyuta mpakato ya magemu na laptopu ya ofisini ni kadi ya picha ya peke yake, yenye kumbukumbu yake na feni za kuipoza. Kadi hiyo hiyo humfaa mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora nyumba, na kijana anayehariri video. Kijana wa kidato cha pili anayetaka kuandika insha haihitaji hata kidogo. Kwa hiyo dai la "masomo" lina kipimo chake: mwulize mwanao ni programu gani inayotaka kadi hiyo. Mwenye haja ya kweli atakujibu kabla hujamaliza swali.

Dukani nako kuna lake. Mfano ni kadi ya RTX 4060 ya laptopu: watengenezaji wameruhusiwa kuipa umeme kuanzia wati 35 hadi 115. Mashine mbili zinabandikwa jina lile lile na kazi yake ni mbali kabisa, na mnunuzi asiyeuliza wati hulipia jina. Ulizeni wati. Ulizeni kama RAM ni gigabaiti 16 na kama inaweza kuongezwa, na kama diski ni ya SSD. Kwa ya mtumba, iwasheni muda mrefu hapo hapo dukani, msikilize feni na kugusa joto lake, kwa kuwa vumbi na joto ndivyo vinavyoziua mashine hizi. Muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa anafanya ghushi, lakini mnunuzi aliyefumba macho naye amejidhulumu.

Hata neno "inayobebeka" lina ujanja ndani yake. Mashine hii hubebeka kama jiwe la kusagia linavyobebeka. Chaja yake ni tofali zito, nyingi ni za wati 180 au zaidi, na bila chaja kadi hupunguza nguvu na betri huisha upesi mchezo mzito ukiwa umeanza. Wengi huliona hili kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa ni rehma kwa mzazi mwenye akili! Chaja ikikaa sebuleni, mchezo utachezwa sebuleni mbele ya watu, na kitabu kitasomeka chumbani kwa betri. Huhitaji elimu ya kompyuta ili kuutunza waya mmoja.

Ama malipo, wapo wanaoichukua kwa mkopo wenye nyongeza kila wanapochelewa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao cha Jeddah cha Machi 1990, ilijuzisha mauzo ya awamu hata kama bei yake imezidi ya taslimu, mradi iwe bei moja iliyokatwa tangu mwanzo, na ikaharamisha kumwongezea deni aliyechelewa. Mstari uko wazi. Kumfungulia mtoto furaha kwa ufunguo wa riba si huruma.

Sasa tufungue sanduku, na hapa ndipo tuliposhindwa wengi. Katika Windows, akaunti ya kwanza kufunguliwa ndiyo yenye mamlaka ya mashine nzima, na zinazofuata zinaweza kuwa za kawaida, zinazoomba ruhusa. Anayelifungua sanduku kwanza ndiye amiri. Baba akimwachia kijana wa miaka 14 kazi hiyo, amempa uamiri, kisha anashangaa kwa nini amri zake hazifuatwi! Fungua wewe akaunti ya kwanza, kwa neno la siri ulijualo wewe. Mtengenezee mwanao akaunti ya mtoto katika kundi la familia la Microsoft, uweke saa za kila siku, na kila ununuzi usubiri idhini yako. Steam nayo, ambayo ndiyo duka kubwa la magemu ya kompyuta, ilileta mwaka 2024 mpango wake wa familia: mzazi anachagua mchezo upi ufunguke na kwa saa ngapi. Hakuna kati ya haya linalolipiwa.

Nasisitiza idhini ya ununuzi kwa sababu ya kamari. Muislamu hupita mbele ya duka la kubeti akigeuza uso, na sheria ya nchi yetu haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia humo. Kisha nyumbani kwake mwanawe anacheza mpira wa EA Sports FC, ule uliokuwa ukiitwa FIFA hadi 2023, na ndani yake mna pakiti. Unatoa pesa halisi, unapewa pointi, unafungua pakiti usiyojua iliyomo: pengine mshambuliaji mashuhuri, pengine mchezaji wa benchi asiyemtaka mtu. Ukikosa unajaribu tena. Haya ndiyo maysir ya Suratul Maida, aya ya 90 na 91, iliyovishwa jezi.

Ubelgiji si dola ya Kiislamu, lakini Aprili 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba pakiti na masanduku ya namna hii katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi hizo huko. Makafiri wameiona kamari, sisi tunaiita mpira!

Watetezi wanasema: si kamari, kwa kuwa kinachopatikana hakirudi kuwa pesa. Tuwakubalie kwa ajili ya mjadala. Bado ni kuuza kisichojulikana, na bai ya gharar Mtume (S.A.W.) ameikataza, kama alivyopokea Muslim katika Sahihi yake. Wakitoka katika shimo la kwanza wamo katika la pili.

Basi kadi ya benki isihifadhiwe katika mashine, wala namba ya siri ya simu yako isijulikane na mtoto. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia watu waliovutwa kwa hila kununua wasichokusudia. Yatazameni pia maelezo ya mchezo kabla ya kuununua: alama za PEGI za Ulaya husema umri, na tangu 2020 huonyesha kama mchezo unauza vitu vya kubahatisha.

Mlango mwingine ni wizi, na huu tumeuzoea hata umekuwa ada. Fundi anamjazia kijana magemu ishirini kwa bei ya soda chache, na kabla ya kuyaweka anaizima kinga ya virusi. Jiulizeni kwa nini mgeni wa halali ahitaji mlinzi alazwe! Majmaa hiyo hiyo ilikwisha kuamua Kuwait, Desemba 1988, kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, haijuzu kuzivamia. Ninawajua wenzangu katika usomeshaji wanaolilaani gemu kwa kutumia Windows ya wizi.

Na tusiipuuze itikadi. Mwaka 2020 PUBG ya simu ilileta sehemu ambayo mchezaji aliinamia sanamu ili apewe nguvu. Waislamu wa nchi za Ghuba wakalalamika, kampuni ikaiondoa mwezi Juni mwaka huo huo. Waliogundua ni wale wanaocheza. Sisi wa mimbari tuliendelea kukemea "magemu" kwa jumla, wala tusingeweza kutaja hata jina la hiyo sanamu.

Wakati nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022. Kijana aliyekesha hadi saa tisa usiku hataamka Alfajiri. Saa za kufunga ziwekwe ndani ya mashine yenyewe, Isha iwe mpaka, na baba naye aifunge simu yake, maana mtoto ana macho.

Watasema: wazee hawajui kompyuta. Mzee huyu huyu alijifunza kutuma pesa kwa simu na kusambaza video za WhatsApp bila kwenda chuo. Kila msikiti una vijana wawili watatu wanaozijua mashine hizi. Kamati iwape usiku mmoja baada ya Isha, wazazi waje na laptopu zao pamoja na watoto wao, akaunti zigeuzwe hapo hapo, kadi zifutwe, magemu ya wizi yaondolewe. Na khatibu akae safu ya mbele, ajifunze.

Wabillahi tawfiq.