Maua ya San Francisco, Maji ya Rufiji

Jamani, tuache kudanganyana. Kila anayetaka kuandika kuhusu muziki na uhuru anakimbilia "San Francisco" ya Scott McKenzie. Eti wimbo wa amani, sala ya mahipi. Mimi nasema tunausifu kwa uvivu, na uvivu huo una gharama.

Wimbo ni mtamu, sibishi. Lakini John Phillips aliuandika mwaka 1967 kulipigia debe tamasha la Monterey la Juni mwaka ule, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa waandaaji. Lilikuwa tangazo. Vijana waliomiminika San Francisco kiangazi kile ndio walioligeuza kuwa wimbo wao. Haki yao. Walichagua safari, wakachagua na wimbo wa kusafiria.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji. Watu wa bondeni wakahamishiwa vijiji vipya kwenye ardhi ya juu, wakiahidiwa shule, zahanati na usalama. Mashamba yakabaki chini, kwenye tope lenye rutuba. Mrufiji hakuwa mgeni wa mafuriko: alikuwa na dungu lake juu ya nguzo, na maji yakipungua alipanda mlau kwenye unyevu uliobaki. Maji yaliyoitwa janga ndiyo yaliyomlisha. Hao nao waliacha nyumba zao kwenda kuanza maisha mapya. Ila hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Na mjini je? Oktoba mwaka huohuo vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, vita dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Barua zikafurika magazetini: huku utamaduni wa Kiafrika, kule uhuru wa kuvaa. Wasomi waligombania sketi wakati kaya za Rufiji zinafungasha vyungu.

Leo tunarudia yaleyale. Tunajua nywele za mahipi zilivyokaa, lakini mlau hatuujui. Mtasema kusikiliza wimbo mmoja hakuzuii kusikiliza mwingine. Kweli. Lakini utamu peke yake haufanyi wimbo uwe wa kizazi. Unahitaji redio, sahani za santuri, na watu wa kuuandika, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo ya mwisho ni yetu, na tumeifanyia California bure.

Waliolinda mpunga usiku kucha juu ya dungu, wakifukuza nguruwe, hawakukaa kimya. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1968 sasa ameshapita 70. Akiondoka, anaondoka na nyimbo zake, na hakuna santuri itakayotubakizia.

Kwa hiyo, kabla hujaandika makala nyingine ya maua, chaji simu yako na upande basi la asubuhi. Kutoka Dar, utafika Kibiti kabla ya adhuhuri. Wazee wapo barazani.